Bei Tatu za Cherehani Moja

Nje ya maduka ya leso pale Biashara Street, Mombasa, kuna mafundi wanaopinda leso ukisubiri. Unanunua doti, pande mbili zinatenganishwa, fundi anapitisha ncha chini ya sindano, unalipa, unaenda zako. Kati ya cherehani za mafundi wa mji huu bado zimo Singer nyeusi zenye maua ya dhahabu yaliyofifia. Ukiuliza moja inauzwa pesa ngapi, jibu litategemea umemuuliza nani, maana mashine hiyo ina bei tatu.

Ya kwanza ni bei ya kilo. Kwa mtu wa skrapu, Singer ni chuma cha zaidi ya kilo 10, basi. Biashara hiyo ina nguvu kiasi kwamba Januari 2022 serikali iliipiga marufuku kwa sababu ya wizi wa vyuma vya stima na reli, ikairuhusu tena Mei. Mizani haiulizi mashine imelisha watoto wangapi.

Ya pili ni bei ya kazi, na hii ndiyo iliyoipa Singer maisha. Isaac Singer alipata hataza yake Marekani mwaka 1851. Mashine ilikuwa ghali kwa familia ya kawaida, kwa hivyo mwaka 1856 kampuni ikaanza kuuza kwa awamu: lipa kidogo, nenda nayo, ishone hadi ijilipe. Kumbe Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom ya mwaka 2020 ina babu yake! Mwaka 1913 kiwanda cha Singer cha Clydebank, Scotland, kilitoa mashine zaidi ya milioni 1.3. Kilifungwa 1980, lakini mashine zake hazikusikia habari hizo.

Katika bei ya kazi, uzee si sifa. Singer za zamani sana, ambazo uzi wa chini unakaa kwenye kichuma chenye umbo la mtumbwi, zinapendeza macho ila spea zake ni taabu. Singer 15 ni mambo mengine. Muundo wake uliigwa Japani na China, na Butterfly za Shanghai tunazoziona kila mahali ni wajukuu wake. Bobini ya mjukuu inaingia kwa babu. Hapo ndipo pesa ilipo.

Ya tatu ni bei ya hadithi. Mwaka 2009, Saudi Arabia, ulizuka uvumi kwamba sindano za Singer kuukuu zina zebaki nyekundu. Ati ukisogeza simu karibu na sindano na laini ikikatika, umeokota utajiri. Watu walifika hadi riyali 200,000 kwa cherehani moja. Zebaki yenyewe haikuwepo. Huko Uingereza, maduka ya nguo ya AllSaints yalijaza madirisha yao cherehani kuukuu kama mapambo, hakuna anayezishonea kitu.

Tusiwacheke. Biashara Street yenyewe inaishi kwa maneno. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887, na mpaka leo mteja anasoma jina la leso kabla ya kutoa pesa. Pamba ni ileile. Jina ndilo linaloamua.

Tatizo linakuja fundi akifariki na watoto wakabaki na mashine wasiyoijua. Wa kwanza kubisha hodi huwa ni yule mwenye mizani. Wakisubiri bei ya hadithi, kutu itawatangulia. Basi wageuze gurudumu kwa mkono, wasome namba iliyogongwa kwenye kitako, wajaribu bobini ya Butterfly, washone kitambaa mbele ya mnunuzi. Mshono ukitoka sawa, waitaje bei ya fundi anayetaka kuanza kazi kesho. Huyo ndiye mnunuzi wa kusubiriwa, na akiomba kulipa kwa awamu, Singer ilimkubalia mtu kama yeye tangu 1856.