Askari Akifika Mwisho

Mwiki ninayoisema ni ya upande wa Ruiru, si ile ya Kasarani. Nilirudi hapa kwa mathe nikiwa mwaka wa pili wa chuo, karo ilipogoma. Mchana ploti hubaki na nguo kwenye kamba, watoto na mimi. Likizo ya Aprili, binti wa jirani, wa gredi ya 6, alinihurumia akaamua kunifundisha chesi.

Ni mwalimu mkali. Ubao ukae hivi: mraba mweupe kwenye kona ya mkono wako wa kulia. Kila mtu ana kete 16. Ngome hunyooka, askofu huenda mshazari, farasi huruka kama herufi L, malkia hufanya ya ngome na ya askofu pamoja. Mfalme ni hatua moja tu. Wale 8 wa mbele ni askari: husonga hatua moja, au mbili wakianza, hula kwa mshazari, na kurudi nyuma hakuna.

"Na askari akifika mwisho, Anko, anageuka malkia."

"Kwa nini?"

"Ndiyo sheria."

Jibu hilo lilininyima usingizi, na bando pia. Kumbe sheria haikuwa hivyo siku zote.

Mchezo huu ulianzia India, yapata karne ya 6, ukiitwa chaturanga, yaani vikosi vinne: askari wa miguu, farasi, ndovu na magari ya vita. Waajemi wakauchukua, kisha Waarabu wakauita shatranj. Hapo ndipo tulipata neno sataranji, lililo kwenye kamusi zetu. Hata shaha, tunayemtaja tukisema shaha wa malenga, ni neno la Kiajemi la mfalme, yule yule anayewindwa ubaoni. Mimi niliyedhani chesi ni ya shule za wenye pesa, kumbe jina lake limo kwenye lugha ninayoombea unga dukani.

Sataranji ya kale haikuwa na malkia. Mahali pake alikaa mshauri wa mfalme, firzan, aliyesogea hatua moja tu ya mshazari. Sasa fikiria askari wa enzi hizo. Alivuka ubao mzima hatua moja moja, wenzake wakiliwa kushoto na kulia, na alipofika alipewa cheo cha huyo mshauri. Hatua moja ya mshazari. Basi.

Ulaya ilimgeuza mshauri kuwa malkia, lakini kwa miaka mingi alibaki mnyonge vile vile. Mwishoni mwa karne ya 15, Uhispania, wachezaji wakampa mbio alizonazo leo. Mwaka 1497 Lucena, kijana wa chuo cha Salamanca, alichapisha kitabu chenye mchezo wa zamani na mpya pamoja. Safari ya askari ilibaki ngumu ile ile. Kilichopanda bei ni alichokuta mwisho.

Hapo nikamkumbuka mathe. Kila wiki ananiuliza nitarudi chuo lini. Enzi zake, aliyemaliza alitoka malkia, na kazi ilimngoja. Baadhi ya wenzangu wamemaliza, wamevaa joho, wakapiga picha, na sasa wako na hatua moja ya mshazari. Simlaumu mathe. Anacheza kwa sheria alizofundishwa. Lakini sheria ziliwekwa na watu, na watu walizibadilisha.

Nilimsimulia mwalimu wangu haya yote tukisafisha seti. Vumbi la Mwiki halina huruma: kete hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, hukaushwa, kisha huhesabiwa kabla ya kufungwa mfukoni. Ubao wa plastiki hauachwi juani, utajikunja. Seti yetu ina kete 31 na kizibo kimoja cha soda, maana askari mweupe mmoja alipotea.

"Kwa hivyo wewe, Anko, uliliwa?"

"Sijui. Nafikiri nimesimama tu."

Akaangalia ubao, akapanga kete upya, kile kizibo akakiweka upande wangu.

"Basi ni zamu yako," akasema. "Songa."