Maporomoko Kabla ya Boti: Kutoka Hale hadi Jinja

Basi linalotoka Kabuku kwenda Tanga hupita Michungwani, hukata kona Segera, na baada ya mwendo mfupi huingia Hale. Abiria wengi wakifika hapo huwa wameshughulika na machungwa ya dirishani. Wachache hugeuza shingo kuutafuta Mto Pangani, ambao wazee wa Kizigua wameuita Luvu tangu enzi, na hata wakiuona hawaoni cha kuwashangaza. Lakini hapo Hale na bondeni chini yake ndipo mto ulipokuwa ukivunjika juu ya miamba kabla ya kutulia na kujivuta taratibu hadi baharini. Kabla ya umeme, ngurumo zake zilikuwa sehemu ya nchi hii.

Vijana wa Handeni na Korogwe wanaotaka kushuka mto wenye mawimbi kwa boti la mpira au kayaki hulazimika leo kwenda Sagana nchini Kenya, au kuvuka mipaka miwili hadi Jinja, Uganda. Wanaopanga safari hiyo huanza na nauli, malazi na tarehe. Nawasihi waanze na historia, kwa sababu historia ndiyo iliyoamua mahali pa kwenda, na ndiyo itakayoamua kama mahali hapo patakuwapo watakaporudi tena.

Tuanze na mtu aliyeona Pangani na Naili ya Jinja pia. Februari 1857, John Hanning Speke na mwenzake Richard Burton waliondoka mji wa Pangani wakapanda mto kwa mtumbwi hadi Chogwe, kambi ya askari wa Kibaluchi wa Sultani wa Zanzibar. Toka hapo walitembea kwa miguu hadi Vuga, milimani Usambara, kumwona Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Washambaa. Walitembea kwa sababu mto haukuwapa njia. Chombo kikitoka baharini kilikwenda kikafika mahali ambapo mwamba unasema basi, na ndiyo maana misafara ya pembe na biashara iliyoanzia Pangani ilipita nchi ya Wazigua kwa miguu, mizigo vichwani. Burton alifika kwenye maporomoko na kuyaeleza kwa sifa kubwa: maji yakitoka kwenye giza la msitu na kujitupa kwa mikupuo mitatu juu ya ukuta wa mwamba wa kahawia. Karibu na maporomoko hayo alikuwapo kijana wa miaka 29 ambaye, miaka mitano baadaye, tarehe 28 Julai 1862, angesimama Jinja kuyatazama maji ya Ziwa Victoria yakimwagika na kuwa Mto Naili. Speke aliyapa maporomoko hayo jina la Ripon, bwana mmoja wa Uingereza, ingawa Wasoga na Waganda walikuwa wakivua samaki hapo vizazi na vizazi.

Wageni waliofuata walitazama maporomoko kwa hesabu. Winston Churchill alifika Ripon mwaka 1907 na katika kitabu chake cha mwaka uliofuata akaeleza jinsi ilivyomuuma kuona nguvu yote ile ikipotea bure, akatamani Naili ianze safari yake kwa kupita ndani ya mashine. Kwetu hesabu hiyo ilifika mapema zaidi kuliko Jinja, na kilichoileta ni mkonge.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Ilikuwa 1,000, iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, nayo ikafika Korogwe mwaka 1902. Katika kizazi kimoja mashamba yalijaa kote, kuanzia Muheza na Korogwe hadi upande wa Kabuku. Mkonge una tabia ambayo kila aliyekulia kwenye kambi ya mkonge anaijua: jani likikatwa haliwezi kusubiri. Lazima lifike upesi kwenye mashine ya korona lisagwe, nyama ya jani isombwe na maji, nyuzi zibaki. Korona inadai maji mengi na nguvu nyingi, mchana kutwa. Kampuni ya umeme ya TANESCO iliundwa mwaka 1931, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuyafunga maporomoko ya Pangani ili Tanga na mashamba yake yapate umeme. Kituo kikawaka katikati ya miaka ya 1930 na hatimaye kikafikia megawati 17.5.

Baada ya Uhuru kasi iliongezeka. Hale ilikamilika mwaka 1964, megawati 21, maji yakipelekwa kwenye mashine zilizo chini ya ardhi. Huko juu, Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa katika muongo huohuo, na mto ukaanza kwenda kwa ratiba ya watu badala ya ratiba ya mvua ya Kilimanjaro na Meru. Miaka ya 1970 ukaja mradi wa HTM, unaochota maji ya mto huu upande wa Korogwe na kuyasukuma kwa mabomba hadi Handeni, nchi ambayo kiangazi chake hakina huruma. Mwaka 1995 kituo kipya cha Pangani Falls kilizinduliwa kwa msaada wa nchi za Nordiki: megawati 68, kikiwa na uwezo wa kumeza mita za ujazo 45 za maji kila sekunde. Mto wenyewe miezi mingi hauleti kiasi hicho. Kwa hiyo penye miamba aliyoisifu Burton, maji mengi sasa yanapita kwenye handaki, na miamba inabaki kuota jua.

Silaumu taa ya Kabuku wala ndoo ya maji ya Handeni. Mama anayesubiri bomba la HTM ana haki ya kwanza juu ya mto huu, kabla ya mtalii yeyote. Ninachosikitikia ni kwamba maporomoko yetu yaliondoka bila mtu kuulizwa, na leo hayamo hata katika hadithi tunazowasimulia watoto.

Wakati maji ya Pangani yanaingia mabombani, mchezo wenyewe wa kushuka mito kwa boti ulikuwa ndiyo kwanza unazaliwa, na Afrika Mashariki ilikuwa na sehemu yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, boti za mpira za jeshi ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na watu wa Marekani wakazishusha kwenye korongo la Mto Colorado. Faida yake ilionekana mara moja. Ubao ukigonga jiwe hupasuka. Mpira hujikunja, huteleza, huendelea. Tena boti lina vyumba kadhaa vya hewa, hata kimoja kikitoboka vingine hulibeba. Mwaka 1968 wanajeshi wa Uingereza walioongozwa na John Blashford-Snell walitumia boti za aina hiyo kwenye Naili ya Buluu nchini Ethiopia, kwa baraka za Mfalme Haile Selassie, na mmoja wao akafa maji. Mwaka 1973 vijana wa Kimarekani walishuka Mto Omo, wakaipa kampuni yao jina la Sobek, mungu mamba wa Misri ya kale, kwa kuwa mamba ndio waliowatia hofu kuliko mawimbi.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, aliyeongoza safari ya mwaka 2004 ya kuishuka Naili kutoka Ziwa Victoria hadi Bahari ya Mediterania, alivutwa na mamba kutoka kwenye kayaki yake Desemba 2010 katika Mto Lukuga, Kongo, unaotoka Ziwa Tanganyika. Hakuonekana tena. Naandika hili kwa makusudi, maana wapo wanaouliza kwa nini tusipulize boti tukajaribu Luvu hapahapa Korogwe. Mto Pangani una mamba na viboko, na hauna waokoaji. Jibu ni hapana.

Jinja ilikuwa tofauti. Bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa na Malkia Elizabeth tarehe 29 Aprili 1954, lilizamisha maporomoko ya Ripon. Lakini chini ya bwawa mto uliendelea kuanguka kwa makumi ya kilomita, mteremko baada ya mteremko. Mwaka 1996 Cam McLeay wa New Zealand na kampuni yake ya Adrift walianza kuwashusha wageni kwa malipo. Anayeijua mito ataelewa kwa nini pale. Maji yanatoka ziwani, hivyo hayategemei mvua ya wiki iliyopita. Hupita kiasi cha mita za ujazo 1,000 kila sekunde, wakati mwingine zaidi. Ni ya uvuguvugu. Na baada ya karibu kila mteremko kuna kidimbwi kirefu kilichotulia, kwa hiyo aliyetupwa nje hupigwa na wimbi, huzama, huibuka akikohoa, kisha hujikuta anaelea mahali patulivu huku kijana wa kayaki akimjia. Mto mdogo wenye mawe mengi hautoi msamaha huo.

Wakati huo maporomoko ya Bujagali ndiyo yaliyokuwa na jina kuu. Vijana wa vijijini walikuwa wakishuka maporomoko yale wakiwa wamelikumbatia dumu la njano la lita 20, kifuniko kimekazwa, miguu ikipiga maji, mbele ya watalii waliowalipa shilingi kidogo. Walipotea kwenye povu, umati ukanyamaza, kisha kichwa kikaibuka pembeni ya dumu. Baadhi yao walikufa katika kazi hiyo. Wengine walifundishwa kasia na kayaki, wakawa waongozaji ambao leo wanaujua mto kuliko waliowafundisha. Kwa Wasoga mahali hapo palikuwa pa kuheshimiwa tangu zamani, makao ya mzimu wa Budhagaali.

Bwawa la Bujagali lilipojaa maji mwishoni mwa mwaka 2011, hayo yote yalifunikwa. Kituo, chenye megawati 250, kilizinduliwa rasmi Oktoba 2012, na safari za boti zikasogea chini zaidi. Ili kufidia, Serikali ya Uganda ilikuwa imekubaliana na Benki ya Dunia mwaka 2007 kwamba maporomoko ya Kalagala na Itanda yatahifadhiwa. Kisha likaja bwawa la Isimba, megawati 183, lililozinduliwa Machi 2019, na maji yake yakapanda hadi kufunika sehemu ya miteremko iliyokuwa imebaki. Safari iliyokuwa ya kutwa nzima ikafupishwa. Itanda bado ipo. Mwaka 2007 ahadi iliwekwa kwenye karatasi, na mimi ni miongoni mwa wanaotaka ahadi hiyo itimizwe kwa kila herufi yake. Afrika Mashariki imekwisha kutoa Hale, Ripon na Bujagali. Huko Rufiji, bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022 na lina uwezo wa kutoa megawati 2,115. Taifa linahitaji umeme huo. Lakini eneo zima halitapungukiwa likiacha maporomoko machache yaanguke yanavyotaka.

Kwa anayepanga sasa, basi, kuna njia mbili. Ya karibu ni Sagana, kiasi cha kilomita 100 kaskazini ya Nairobi, kwenye Mto Tana kabla haujaingia mabwawa yake ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Tana hutegemea mvua: baada ya masika na baada ya vuli mto hujaa, na kati ya misimu hiyo mawe huchomoza na safari huwa ya polepole. Kutoka Kabuku unapanda basi la Arusha kupitia Korogwe, Same na Moshi, unavuka Namanga. Ya pili ni Jinja, kwa kuendelea kutoka Nairobi hadi Busia au Malaba. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hahitaji viza, ila beba hati ya kusafiria na kadi ya homa ya manjano. Ufukwe wa Naili una kichocho. Ukirudi nyumbani, mweleze daktari umeoga wapi ili akupime na kukupa dawa.

Miteremko hupangwa kwa madaraja 1 hadi 6. La 1 ni maji yanayotembea tu. La 3 lina mawimbi ya kukulowesha na kukutikisa, nalo linamtosha anayeanza. La 5 linadai mwongozaji aliyebobea. La 6 halipitwi na abiria, na sehemu ya Itanda imo humo: boti huvutwa nje, watu hutembea ukingoni, kisha hurudi majini chini yake. Asiyejua kuogelea anaweza kwenda kwenye daraja la chini, lakini aseme mapema, asifiche kwa aibu. Kabla ya kuingia, vuta kamba za jaketi okozi hadi lisipande shingoni mtu akilishika mabegani na kulinyanyua. Kofia ngumu isicheze kichwani. Ukitupwa nje, lala chali, miguu mbele, vidole vya miguu viwe juu ya maji. Usijaribu kusimama penye mkondo hata kama maji yanaonekana mafupi, kwa kuwa mguu ukinasa kati ya mawe, mto utakuangusha kifudifudi na kukushikilia hapohapo.

Na kabla hujatuma malipo, muulize mwenye boti maswali matatu: safari inaanzia wapi leo, inaishia wapi, na bwawa la juu linaachia maji kiasi gani siku hiyo. Ya mwaka juzi si lazima yawe ya mwaka huu. Ukifika, mwombe mwongozaji akuonyeshe kwa kidole mahali Bujagali ilipokuwa, naye akitaka kujua umetokea wapi, mweleze habari za Hale.