Kuzitambua Ndege Zipitazo Juu ya Meru

Lugha yetu ina neno moja, ndege, kwa kiumbe mwenye manyoya na kwa chombo kirukacho. Walakini hatuvichanganyi, kwa maana kiumbe ni ndege wa, na chombo ni ndege ya. Hapa Ngaramtoni hata mtoto mdogo huwajua ndege wa Mungu kwa majina yao: huyu mwewe, huyu kunguru, yule tai. Bali chombo kikipita juu ya migomba, watu wazima husema, "Ndege hiyo!" kisha huinama tena kulima. Nataka kuonyesha kwamba kila chombo nacho kina aina yake, jina lake na habari zake, na kwamba kuzitambua ndege, hasa zile ndogo zilizo nadra, ni mchezo wenye faida kubwa.

Ndege zilianza kuonekana katika nchi hii zamani za Wadachi. Mwaka 1914 Mjerumani mmoja, Bruno Büchner, alileta ndege Dar es Salaam, na vita vikaanza mwaka ule ule. Mwaka 1915 Waingereza waliweka ndege katika kisiwa cha Mafia ili kuitafuta manowari Königsberg iliyojificha katika midomo ya Rufiji. Marubani walitazama toka juu mahali risasi za mizinga zinapoanguka, wakawapasha habari wapigaji, hata manowari ile ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mwanzoni mwa mwaka 1916 kikosi cha ndege kutoka Afrika ya Kusini kilipiga kambi Mbuyuni, upande wa mashariki wa Kilimanjaro, na mwezi wa Machi jeshi la Jemadari Smuts likaziteka Moshi na Arusha. Ndege za kikosi kile zilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine.

Baada ya vita zikaja ndege za amani. Mwaka 1929 mjane mmoja wa Nairobi, Bibi Florence Wilson, alianzisha shirika la ndege, naye alianza na ndege moja tu, aina ya Gipsy Moth. Hii ilikuwa ya mbao na nguo, yenye viti viwili, na mabawa yake yaliweza kukunjwa nyuma kama ya panzi. Januari 1930 Mswisi Walter Mittelholzer aliruka juu ya kilele cha Kilimanjaro na kukipiga picha. Kisha Mjerumani Ernst Udet, rubani mashuhuri wa vita, alikuja Afrika ya Mashariki na ndege ndogo kupiga picha za sinema, na sinema ile ilionyeshwa mwaka 1932. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema, Ndege Wageni juu ya Afrika.

Sasa tutazame herufi zilizoandikwa ubavuni, kwa maana ndizo cheti cha ubatizo cha ndege. Kila nchi ina herufi zake kwa mapatano ya mataifa. Zamani za Waingereza, ndege ya Kenya iliandikwa VP-K, ya Uganda VP-U, na ya Tanganyika VR-T. Baada ya uhuru Tanzania ilipewa 5H, Kenya 5Y na Uganda 5X. Ya Uingereza huanza kwa G, ya Ujerumani kwa D, ya Marekani kwa N. Basi mwanafunzi aliyejifunza alfabeti anaweza kujua mgeni ametoka wapi kabla hajamwuliza mtu.

Herufi hizo zimehifadhi mambo makubwa. Septemba 1936, Bibi Beryl Markham, aliyelelewa Kenya, aliondoka Uingereza peke yake, akaivuka bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi, akaanguka salama katika kinamasi cha Nova Scotia, nchi ya Kanada. Ndege yake ilikuwa Vega Gull, nayo iliandikwa VP-KCC. Maana yake, herufi za Kenya ndizo zilizovuka bahari ile.

Mchezo wenyewe ulipata nguvu Uingereza wakati wa vita vya pili. Walinzi walilazimika kumtambua adui na rafiki kwa dakika moja, kwa umbo na kwa mlio, maana aliyekosea aliweza kumpiga ndugu yake. Mwaka 1941 likatolewa gazeti maalum la kuwafundisha. Vita vilipokwisha watu hawakuacha. Mwaka 1948 wakafanya chama, Air-Britain, cha kuandika historia ya ndege moja moja.

Atakaye kuanza na ayatazame mambo manne. Kwanza bawa: liko juu ya madirisha au chini yake, na ni moja au mawili? Pili injini: ni ngapi, nazo ziko wapi? Tatu magurudumu: lile dogo liko puani au mkiani? Nne herufi. Ndege nyingi zinazotua katika uwanja wa Arusha, pale Kisongo, ni Cessna Caravan: bawa juu, injini moja, gurudumu la mbele puani. Pilatus PC-12 nayo ina injini moja, lakini bawa lake liko chini. Ukiona gurudumu mkiani, tazama sana, kwa maana hiyo huenda ni ya zamani au ya nadra. Mwaka 2016 msafara wa ndege za kale, zenye mabawa mawili, ulitoka kisiwa cha Krete hadi Cape Town, ukapita Kenya na Tanzania. Asiyejua alisema tena, "Ndege hiyo!" na ajuaye aliona miaka 80 ya historia ikipita angani.

Ziko pia ndege za kukumbukwa kwa heshima. Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege aina ya Dornier 27, iliyopakwa milia kama punda milia. Iliandikwa D-ENTE, na neno Ente kwa Kijerumani ni bata. Tarehe 10 Januari 1959 ndege wa Mungu, tai mla mizoga, aligongana na ndege ile ya watu, na Michael akafa akiwa na miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Tena mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu walianzisha kazi ya madaktari warukao, ambayo leo ni AMREF. Hata karibu yetu, Olkokola, yalijengwa makao ya ndege za kuwapelekea tiba watu wa mbugani.

Lakini mchezo huu una mipaka. Novemba 2001 Waingereza 12 na Waholanzi wawili walikamatwa Ugiriki kwa kuandika habari za ndege za jeshi, wakahukumiwa, hata wakaachiliwa kwa rufani mwaka uliofuata. Kwa hiyo usikaribie ndege za jeshi, wala usipige picha uwanjani bila ruhusa. Kaa shambani kwako ukatazame mbingu.

Mwisho, wasomaji wapenzi, fikirini neno hili. Tarehe 14 Mei 1931 Gipsy Moth iliyoandikwa G-ABAK ilianguka Voi. Ndani yake walikufa watu wawili: Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza, na Mwafrika mmoja. Herufi za ndege ile zimehifadhiwa kamili, na habari za Mwingereza zimeandikwa vitabu vizima. Bali yule wa pili, wengi waisimuliapo habari ile humwita "mtumishi wake" tu, wakapita. Ndivyo ilivyo pale ambapo mwenye kalamu yuko juu, na walio chini hawakuandika. Adamu alipewa kazi ya kuwapa viumbe majina, kwa kuwa kisicho na jina husahauliwa upesi. Basi kila mzazi ampe mtoto wake daftari la bei ndogo, aandike tarehe, saa, umbo na herufi za ndege aliyoiona. Tena akipata kujua, aandike na majina ya waliokuwamo, wote pia, asiache hata mmoja.