Kichwa cha Nyumba na Wanaomcheka

Tangu Wabelgiji, kila serikali iliyotawala Kivu, mashariki mwa Kongo, imemtawaza mwanamume kuwa kichwa cha nyumba, na watu wakamcheka kila kiti chake kilipoyumba.

Kodi ya kichwa ya mwaka 1910 ilimdai kila mwanamume mzima, na mwenye wake wengi alilipa nyongeza kwa kila mke baada ya wa kwanza. Mwaka 1950 ikatoka amri ya kupiga marufuku ndoa mpya za mitala. Hapo mzee mwenye heshima zake akaanza kuwaficha wake mbele ya karani kama mtoto anayeficha sukari. Tena mzee huyo, akiajiriwa jikoni kwa mlowezi wa kahawa au kwinini ukingoni mwa ziwa, aliitwa boi hata akiwa na wajukuu.

Rais Mobutu akaja na abacost, koti lisilovaliwa na tai. Mwaka 1972 suti na tai zikakatazwa, na wakubwa wote wakafanana shingoni. Wenye vyeo walijisifu kwa "biro ya pili", yaani kimada, mpaka mfumuko wa bei ulipoufanya mshahara ushindwe hata na biro ya kwanza. Mwaka 1985 mwanamuziki Franco akatoa wimbo "Mario", kisa cha kijana msomi anayelishwa na mwanamke mwenye fedha. Watu walicheka mpaka Dar es Salaam, ambako mwanamume wa namna hiyo huitwa marioo hadi leo. Miaka miwili baadaye, tarehe 1 Agosti 1987, ikasainiwa Sheria ya Familia: mume ni kiongozi wa nyumba, mke amtii, wala asiingie mkataba bila ruhusa yake. Sijui kichekesho kilichopangwa vizuri kuliko hicho.

Pale Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, kichekesho hicho kilikuwa na mizani na beseni. Sambaza, samaki wadogo, waliletwa ziwani humo kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanaume huvua usiku kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja. Kukicha, samaki na hesabu huhamia kwa akina mama, wanaouza hadi Bukavu na Goma. Kisheria, mama mwenye fedha fundoni mwa kitenge alimhitaji mume aliyelala mchana ili asaini karatasi.

Vita vya 1996 na 1998 vilitia uchungu katika utani huu. Kumwambia kijana aliyepoteza shamba kwamba asiye na fedha si mwanamume ni kumsukuma kwenye mashimo ya madini ya Nyabibwe na Numbi, au kwenye bunduki. Utani wa hivyo mimi siucheki.

Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliifuta ruhusa ya mume. Lakini kifungu cha 444 cha Sheria ya Familia kikaachwa kimtaje yeye kuwa kiongozi wa nyumba. Wabunge walikosa ujasiri katika sentensi moja tu.