Paka wa Pedigree: Bei ya Kununua Ndio Pesa Kidogo Zaidi Utatoa

Umeona tangazo la kapaka ka Persian, uso bapa, manyoya kama pamba, na moyo umeshaenda. Poa. Lakini kabla utume hata soo moja, cheki hizi vitu kwanza.

1. Piga hesabu ya miaka, si ya siku

Paka wa ndani akitunzwa vizuri huishi miaka 12 hadi 15, na wengine hupita hapo. Tuseme umempata na 30K, halafu chakula na mchanga wa choo vinakula 4K kwa mwezi. Hiyo ni 48K kwa mwaka. Miaka 15 ni 720K, na bado hatujaongea mambo ya vet. Sasa ile 30K si ni kama fare tu?

2. Vet lazima

Chanjo huanza akiwa wiki 6 hadi 8, inarudiwa kila wiki 3 ama 4 mpaka afikishe wiki 16. Ongeza ya rabies, dawa ya minyoo na kufungwa kizazi.

Persian naye ana mambo yake. Pua fupi humsumbua kupumua, macho hutoa machozi ovyo, na usipomchana kila siku manyoya yanashikana kama dredi. Kuna pia ugonjwa wa figo wa kurithi, unaitwa PKD, na hupimwa kwa DNA. Muulize muuzaji kama wazazi walipimwa. Akianza kuzunguka mbuyu, hilo ndilo jibu lako.

3. Pedigree ni karatasi, si manyoya

Ni rekodi ya ukoo: wazazi, babu na nyanya, wote wameandikishwa na shirika kama CFA ya Marekani, iliyoanza 1906, ama FIFe ya Ulaya. Bila hizo karatasi umepata paka mrembo tu. Si mbaya, lakini usilipe bei ya karatasi.

Na kama ako chini ya wiki 8, muache kwa mamake. Muuzaji akikataa umuone huyo paka live, anataka tu utume nusu kwa simu, huyo ni mkora. Block.

4. Hauna hizo doo? Chukua wa kuokolewa

KSPCA hapa Nairobi huwa na paka wanatafuta kwao. Pedigree ni nadra kupata huko, lakini mapenzi ni yale yale. Uliza ada, na kama ashachanjwa na kufungwa kizazi, juu hapo ndio unaokoa pesa.

5. Na kuna pedigree wa Kenya

Hii wengi hawajui. Anaitwa Sokoke, jina la msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi. Wagiriama walikuwa wanamjua kitambo kama khadzonzo, juu rangi yake inakaa gome la mti. Mwaka wa 1978 Jeni Slater alipata vitoto vyake akaanza kuwafuga. Baadaye wengine wakapelekwa Denmark, na 1993 FIFe ikawatambua rasmi. Ni paka wa Kilifi tu, alikuwa amekosa karatasi.

So kabla udharau yule paka wa ploti anayelala juu ya tangi, kumbuka hiyo stori. Pedigree ama chokoraa, swali ni moja: utaweza kumlisha miaka 15?