Mkamelia, Ndugu wa Mchai

Mwanafunzi aliyepita kando ya shamba la chai huko Limuru au Kericho ameona vichaka vilivyokatwa vikawa sawa kama meza, na pengine hakupata kuwaza kwamba kila kichaka ni mti uliozuiwa kukua. Mchai ukiachwa bila kuchumwa wala kupogolewa hurefuka kupita kimo cha mtu, ukatoa maua madogo meupe yenye nyuzi za manjano katikati. Maua hayo hutujulisha ukoo wake. Kwa wataalamu wa mimea jina lake ni Camellia sinensis; na nduguye, Camellia japonica, hupandwa mbele ya nyumba kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Habari ya huyu wa pili ni habari ya mti uliodhaniwa kuwa dhaifu, ukateswa kwa huruma.

Kwao mkamelia ni Uchina, Japani na Korea. Wajapani huuita tsubaki, na tangu zamani walizikamua mbegu zake wakapata mafuta ya kupaka nywele. Mwaka wa 1712 Engelbert Kaempfer, tabibu Mjerumani aliyepata kukaa Nagasaki katika utumishi wa kampuni ya Waholanzi, alichapisha kitabu kilichowaeleza wasomi wa Ulaya habari za mti huo. Lakini jina halikutokana naye. Linnaeus wa Sweden, alipoipanga mimea kwa majina mwaka wa 1753, aliuita kwa heshima ya Georg Joseph Kamel, mmisionari Mjezuiti aliyewatibu maskini mjini Manila akafa huko mwaka wa 1706. Kamel hakuugundua mti huo. Ndivyo yalivyo majina mengi ya mimea: hutuambia habari za watu zaidi kuliko za mimea yenyewe.

Katika Uingereza mkamelia watajwa kuchanua mwaka wa 1739, nyumbani kwa Lord Petre, huko Thorndon Hall katika jimbo la Essex. Lord Petre alikuwa kijana tajiri mwenye shauku kubwa ya mimea ya nchi za mbali. Kwa kuwa mti ulitoka Mashariki, ulidhaniwa kuwa mti wa nchi ya joto, ukatiwa katika nyumba ya vioo iliyopashwa moto kwa tanuri. Husimuliwa kwamba miti ile ya kwanza ilikufa kwa joto hilo hilo lililokusudiwa kuiokoa. Hakuna aliyekumbuka kwamba katika Japani nako theluji huanguka. Lord Petre mwenyewe alifariki kwa ndui mwaka wa 1742, hajatimiza miaka 30.

Msiba huo haukuliondoa kosa, bali ulilipunguza tu. Mwaka wa 1792 merikebu ya Kampuni ya East India ilileta kutoka Uchina mikamelia ya aina mbili zenye petali nyingi, moja nyeupe kabisa, ya pili nyekundu yenye mabaka meupe. Tangu hapo matajiri wakashindana kuipata. Huko Chiswick, karibu na London, nyumba ndefu ya vioo ilijengwa mwaka wa 1813, na hata leo mikamelia ya kale ingali ikichanua humo. Lakini vioo vilitozwa kodi katika Uingereza mpaka mwaka wa 1845, na makaa ya mawe hayakupatikana bure. Mtu wa kawaida angewezaje kuwa na mkamelia? Ua likawa alama ya anasa. Alexandre Dumas, yule mwana, alipotaka kumwonyesha mwanamke wa fahari ya Paris katika riwaya yake ya mwaka wa 1848, alimpa kamelia mkononi. Na Verdi akaigeuza hadithi hiyo kuwa opera mwaka wa 1853.

Na muda huo wote mti haukuhitaji hata kioo kimoja! Huko Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, watu waliothubutu kuupanda nje waliona ukistahimili baridi. Katika miaka ya 1920 J. C. Williams, katika bustani yake ya Caerhays, aliuzalisha mkamelia wa Japani pamoja na ndugu yake mwingine aliyeletwa kutoka Yunnan, kwa mbegu zilizokusanywa na George Forrest. Watoto wa ndoa hiyo huchanua kwa wingi, na maua yao yaliyonyauka huanguka yenyewe, badala ya kubaki mtini yakiwa rangi ya kahawia kama matambara. Kwa aina hizo mkamelia uliingia katika bustani ndogo za watu wa mjini.

Mambo yanayoudhuru kweli si yale yaliyoogopwa. Udongo wenye chokaa huyafanya majani yake yawe ya manjano. Wataka udongo wenye tindikali, kama vile mchai utakavyo. Mizizi yake hukaa juu juu, kwa hiyo asiyejua akaulimia kwa jembe huikata, na aufukiaye kwa kina huusonga. Ukikosa maji mwishoni mwa kiangazi cha Ulaya, wakati matumba yanapojiunga, matumba hayo huja kuanguka kabla ya kufunguka, na mwenye bustani hulaumu baridi ya juzi kwa kosa lake la miezi mingi nyuma. Tena usipandwe mahali pa kupigwa na jua la alfajiri, kwa maana tumba lililoshikwa na jalidi likiyeyushwa kwa ghafula huharibika.

Nduguye katika Kenya alipatwa na dhana ya namna nyingine. Mchai ulipandwa Limuru mwaka wa 1903, na tangu miaka ya 1920 ukawa mali ya makampuni makubwa. Mwafrika aliajiriwa kuuchuma, lakini kuupanda penye shamba lake alizuiwa. Ikasemwa kwamba mkulima mdogo hataweza kuutunza, ataliharibu jina la chai ya nchi. Yasiyosemwa kwa sauti ni kwamba mtu mwenye chai yake hana haja ya kwenda kuchuma ya mwingine. Katika miaka ya 1950 mashamba madogo yalianza Nyeri, na kiwanda cha Ragati kikafunguliwa mwaka wa 1957. Mwaka wa 1964 iliundwa Kenya Tea Development Authority. Siku hizi wakulima wadogo ni zaidi ya laki tano, nao hutoa zaidi ya nusu ya chai ya Kenya.

Huko Cornwall nako ndugu hawa wawili wamekutana. Katika bustani za Tregothnan, ambako mikamelia ya maua imesimama nje tangu zamani, ilipandwa pia michai, na tangu mwaka wa 2005 majani yake yamekuwa yakiuzwa kwa Waingereza.