Msafiri ajihadhari na chakula chenye viini

Safari ya kutoka Homa Bay hadi Migori, kisha Isebania na kuvuka mpaka hadi Sirari, Tanzania, huweza kukamilika kwa siku moja. Njiani msafiri hula kwenye vibanda, akichagua chakula kwa harufu na sura yake. Vigezo hivyo havitoshi, kwani chakula chenye viini huweza kunukia vizuri na kupendeza machoni.

Athari zake zimewahi kuonekana eneo hili. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, wagonjwa 14,275 wa kipindupindu walilazwa hospitalini katika uliokuwa Mkoa wa Nyanza, na 547 wakafariki. Wilaya zinazopakana na Ziwa Victoria ziliathirika zaidi. Uchunguzi ulibaini kuwa waliokunywa maji ya ziwa au vijito, na waliokula pamoja na mtu anayehara, walikabiliwa na hatari kubwa zaidi.

Kinga ya kwanza ni moto. Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza chakula kipikwe hadi kifikie nyuzijoto 70 ndani, na kilichopikwa kisiachwe nje kwa zaidi ya saa mbili. Hivyo basi, samaki aliyekaangwa asubuhi na kuanikwa sinia hadi alasiri hafai. Kumpasha moto si dawa, kwa kuwa baadhi ya bakteria huacha sumu isiyoharibiwa na joto. Ni heri kusubiri anayekaangwa papo hapo.

Kinga ya pili ni maji. Yanywewe yaliyochemshwa, yaliyotiwa dawa ya klorini au ya chupa ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa. Maji ya ziwa yakionekana maangavu si hoja. Barafu na kachumbari pia ziepukwe iwapo maji yaliyotumiwa hayajulikani yalikotoka. Ndizi au chungwa alilomenya msafiri mwenyewe ni salama zaidi.

Ugali huliwa kwa mkono, kwa hivyo sabuni na maji yanayomiminwa ni lazima. Beseni moja linalonawiwa na wengi hueneza viini.

Anayeugua hulaumu mlo wa mwisho, lakini huenda akakosea. Sumu ya baadhi ya bakteria huanza kutapisha baada ya saa chache tu, ilhali dalili za kipindupindu hujitokeza baada ya saa 12 hadi siku tano. Aliyekunywa maji machafu Mbita huenda akaugulia Mwanza. Ni muhimu amweleze daktari alikopitia na alichokula.

Kabla ya kufika hospitalini, mgonjwa anywe maji yenye chumvi maalumu za kuongeza maji mwilini. Zikikosekana, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, vikorogwe katika lita moja ya maji safi. Anayehara damu au maji mfululizo, au asiyeweza kunywa, apelekwe hospitalini bila kuchelewa, hasa akiwa mtoto.